Sifuri Iliyopoteza Vifaranga

Odile Pelletier aliamka alfajiri, akawasha jiko na kupika ploye, zile chapati zinazoiva upande mmoja tu. Mumewe, Gérard, akaingia kutoka bandani huku uso umemkunjuka.

"Wanalia ndani ya mayai, Odile! Kesho wanatoka!"

Siku nyingine Odile angefurahi. Asubuhi hiyo aliisukuma sahani yake pembeni.

Kila majira ya machipuko, familia hii ya kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, huuza vifaranga wa siku moja. Huwapanga katika maboksi yenye matundu, wakasafiri kwa posta. Kifaranga aliyetoka tu kwenye yai hubeba akiba ya kiini tumboni. Akiba hiyo humtosha siku mbili, tatu. Boksi likichelewa zaidi ya hapo, vifaranga hufa.

Na wiki iliyopita maboksi yalichelewa. La Bi Whitcomb, mteja wao wa miaka mingi, lilizurura wee hadi likarudi kwa Odile mwenyewe. Alipolifungua hakusikia hata mlio mmoja. Alilia siku ile, kisha akajifuta machozi na kuapa: hafi kifaranga mwingine kwa uzembe wa mtu.

"Uzembe wa posta," alimwambia jirani yake Marlys, aliyekuja asubuhi hiyo kuchukua mayai. Marlys hufundisha kompyuta kwenye maktaba ya mji. "Hebu fikiria! Maboksi ya jimbo la mbali la Ohio yamefika salama. Ya hapa hapa Maine yamepotea!"

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," Marlys akamtania. "Nionyeshe hilo boksi lililorudi."

Alisoma lebo mara mbili.

"Odile, misimbo ya posta huku kwetu huanza na nini?"

"Na sifuri. Maine nzima. Mtoto mdogo anajua."

"Basi hapa sifuri iko wapi?"

Odile akatazama. Msimbo ulikuwa na tarakimu nne badala ya tano. "Lakini Bi Whitcomb aliandika sawasawa! Niliona kwa macho yangu!"

"Twende kwenye kompyuta. Fanya vile unavyofanya siku zote, mimi nitakaa kimya."

"Wewe ukae kimya?" Gérard akacheka. "Leo theluji itaanguka tena."

Odile akaketi. Maagizo ya wateja hutoka kwenye tovuti yao katika faili la maandishi matupu: jina, mkato, mji, mkato, msimbo, mkato, simu. Akalibofya mara mbili. Likafunguka katika lahajedwali, ile programu ya majedwali ya hesabu, limejipanga vizuri kwenye safu. Akarekebisha jina moja lililokosewa, akahifadhi.

"Simama hapo," alisema Marlys. "Umeshazipoteza."

"Nimepoteza nini? Sijagusa msimbo hata mmoja!"

"Wewe hukugusa. Lahajedwali limegusa. Likiona tarakimu tupu, linadhani ni hesabu. Na katika hesabu, sifuri ya mbele haina kazi, basi linaitupa. Ulipohifadhi, ukaandika kosa hilo juu ya faili lako. Ohio misimbo yao haianzi na sifuri, ndiyo maana wao walisalimika."

Odile akaandika sifuri kwa mkono, akabonyeza kitufe. Sifuri ikayeyuka machoni pake. Akaandika tena. Ikayeyuka tena.

"Kaidi kama mume wangu!" akafoka.

"Mimi nimeingiaje?" Gérard akauliza.

Odile hakucheka. Aliona aibu, na aliona huruma kwa wale vifaranga. Kumbe uzembe ulikuwa wake. Lakini kesho wengine walikuwa wanatoka, wakiwemo wa kumlipa Bi Whitcomb, na mashine ya kuangulia mayai haisubiri mtu amalize kusikitika. Akavuta kiti karibu na meza.

"Nifundishe. Nitabonyeza mwenyewe, usiniguse mkono."

"Haya. Faili hili limeharibika, pakua jingine kutoka kwenye tovuti yenu. Weka nakala yake pembeni, usiiguse kamwe."

Odile akafanya.

"Sasa usilibofye faili. Fungua kwanza lahajedwali tupu. Humo ndani, chagua kuingiza data kutoka faili la maandishi. Litakuuliza kila safu ni ya aina gani. Ile ya misimbo, iambie ni maandishi, si namba. Na ya simu vilevile."

Odile akachagua. Misimbo ikatokea na sifuri zake zote. Akarekebisha lile jina.

"Nihifadhi?"

"Hifadhi kwa jina jipya, na uchague aina ileile: maandishi yenye mikato. Ukichagua aina ya lahajedwali, programu yako ya kuchapa lebo haitalisoma faili. Lahajedwali likikuonya kwamba rangi na mapambo hayatabaki, kubali. Maandishi matupu hayabebi mapambo."

Odile akahifadhi, mkono ukaenda kulibofya faili aone kama limekaa vizuri. Marlys akakohoa.

"Ukilibofya litakudanganya tena. Likague kwa programu ya kuandikia maandishi tu. Hiyo haijui hesabu, inaonyesha kilichomo."

Akakagua. Sifuri zilikuwepo. Hakuridhika, akafuta kazi yote, akairudia peke yake tangu mwanzo, midomo ikitaja kila hatua. Marlys akanywa kahawa yake.

Kesho yake vifaranga walitoka, wakakauka manyoya, wakapangwa katika maboksi. Odile alisoma kila lebo kabla ya kuibandika. Gérard akayapeleka posta.

Asubuhi iliyofuata simu ililia. Ilikuwa namba ya Bi Whitcomb. Odile aliiangalia ikilia, akapokea.

"Bi Whitcomb? Vipi, wame—"

"Subiri," sauti ikamkatiza.

Odile akasikia kifuniko cha boksi kikifunguliwa, kisha milio: mingi, myembamba, yenye njaa. Akakaa chini palepale sakafuni, akampa Gérard simu asikilize naye, akalia kwa furaha.