Mapigo Hamsini na Sita

Kila siku Hajira aliamka kabla ya jua kuchomoza. Alijitwika ndoo, akashuka mtoni. Akirudi alifagia uwanja, akakoroga uji, kisha akachukua jembe. Siku zake zilikuwa hivyo tangu zamani, kabla hata familia yao haijahamia kijiji kipya cha ujamaa, huku Makuyuni.

Mume wake, Mhina, alikuwa muuzaji wa duka la kijiji. Alichaguliwa kwa kuwa alijua kusoma, tena alikuwa na saa ya mkononi. Kutwa nzima alikaa juu ya gunia la chumvi, akipima sukari na kuvuta sigara. Kwa miaka mitatu alinenepa. Watu walimsifu, wakasema kijiji kimempenda.

Mwaka huo, 1975, darasa la watu wazima lilifundishwa mambo ya afya. Alasiri moja mwalimu aliwaonyesha namna ya kuhesabu mapigo ya moyo. Unaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, unahesabu dakika nzima. Maana ya hesabu hiyo, alisema, watajifunza juma lijalo.

Mhina hakungoja juma lijalo. Alihesabu mapigo yake, akapata tisini na mawili. Alipofika nyumbani akamkalisha Hajira kwenye kigoda, akahesabu yake. Hamsini na sita. Akarudia. Hamsini na sita.



"Mama Tatu," alisema, "moyo wako unazimika."

Hajira alimwambia haumwi popote. Mhina akajibu kwamba ugonjwa wa moyo haupigi hodi. Yeye mwenye afya ana tisini na zaidi; mkewe amebakiwa na hamsini tu. Bila shaka kazi imemmaliza. Kuanzia kesho asiguse jembe wala ndoo. Alale, ale maini, na majirani watamchotea maji.

Mhina alisema hayo kwa mapenzi. Hajira alijua hivyo, ndiyo maana alishindwa kumbishia.

Lakini lilikuwapo jambo la shamba. Kijiji kililima bega kwa bega: kila nyumba ilikuwa na kipande chake katika shamba moja kubwa, kando ya kipande cha jirani. Mvua za masika zilikaribia. Kamati ilikwisha tangaza kwamba kipande kitakachokuwa na nyasi hadi Jumamosi kitapewa nyumba nyingine. Nusu ya kipande cha Hajira ilikuwa bado nyasi. Binti yao, Tatu, alikuwa ameolewa Mkata. Hapakuwa na mtu mwingine wa kulima.

Siku ya tatu Rosina, jirani yake, alipita na jembe begani. Akamkuta Hajira amekaa barazani.

"Kumbe umeolewa upya, mwenzangu," alisema. "Fungate hii itakwisha lini?"

Hajira alicheka. Rosina alipokwenda zake, kicheko kikamwisha. Aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono. Pigo moja lilikuja, likakawia, likaja jingine. Akaanza kujiuliza ni lipi litakalokuwa la mwisho. Hofu ya mumewe ilikuwa imemwingia naye.

Siku iliyofuata, Alhamisi, Mhina alikwenda zahanati kuomba sindano ya kuongeza damu. Nesi Serafina, mwenyeji wa milima ya Usambara, alimwambia hamchomi sindano mtu asiyemwona. Akafuatana naye hadi nyumbani.

Serafina hakuwa na haraka. Alitazama ndani ya kope za Hajira, akatazama ulimi na miguu. Akamwuliza kama huona kizunguzungu. Je, amewahi kuzimia? Hukosa pumzi akipanda kutoka mtoni? Kifua humbana? Yote Hajira alikana.

Ndipo akawaomba wote wawili wakae kimya kidogo. Akahesabu. Hajira, hamsini na sita. Mhina, tisini na mawili. Kisha akawatuma waende hadi mtoni na kurudi. Waliporudi Mhina alikuwa akihema na kujipangusa jasho. Hajira alikuwa akimcheka. Baada ya muda mfupi mapigo ya Hajira yalirudi karibu na pale pale. Ya Mhina yalikuwa bado mbio.

"Mzee Mhina," aliuliza Serafina, "wanawake wawili wakitwanga mahindi, mmoja ana nguvu na mwingine hana, nani atapiga mchi mara nyingi zaidi?"

Mhina alifikiri. "Asiye na nguvu."

"Kwa nini?"

"Kila pigo lake ni dogo."

"Basi na moyo ni hivyo. Kazi yake ni kusukuma damu. Moyo wa mama umezoea kazi. Kila pigo linasukuma damu nyingi, kwa hiyo akipumzika mapigo machache yanamtosha. Wako unapiga upesi kwa kuwa kila pigo ni dogo."

Aliwaeleza kwamba watu wazima wengi wakipumzika huwa kati ya sitini na mia moja. Mwenye mazoezi mengi aweza kushuka chini ya sitini, akawa mzima kabisa. Lakini mapigo machache yakija pamoja na kizunguzungu au kuzimia, mtu aende zahanati mara moja.

Mhina alitazama chini. "Kwa hiyo mgonjwa ni mimi?"

"Sijasema mgonjwa. Nasema umekaa mno. Anza kidogo kidogo, na hizo sigara uache."

Kabla Serafina hajamaliza kuaga, Hajira alikuwa ameshika jembe. Mhina alimfuata. Alilima mistari miwili akakaa, akalima mmoja tena. Ijumaa walirudi, na Jumamosi kamati ilipopita, kipande kilikuwa cheusi kote, hakina unyasi.

Tangu hapo Mhina alilima kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Sigara zilimpa taabu zaidi kuliko jembe, lakini aliziacha. Mahindi yalipokomaa, mapigo yake yalikuwa sabini na manane. Darasani mwalimu akamwomba awaeleze wenzake alilojifunza.

"Nilipokuwa nimekaa, moyo wangu ulikimbia," alisema Mhina. "Sasa nakwenda shamba mimi, na wenyewe unapata kupumzika."