Kitita Kisicho Chetu

Jioni ile nilitoka kuanua majani kabla umande haujashuka. Nilitoka nikinung'unika, maana zamu ilikuwa ya wifi yangu, na wifi yangu alikuwa amejinyoosha ndani akidai mgongo unamuuma. Mgongo wake ulikuwa na tabia ya kuuma saa za kazi tu.

"Anua na yale ya pembeni," alisema kupitia dirishani. "Yasije yakaoza ukanisingizia mimi."

"Toka uyaanue mwenyewe, bibi harusi."

Akacheka mpaka akakoroma. Nilimpenda, niseme wazi. Wenzangu waliolewa wakakuta mawifi wa kuwasema. Mimi nilipata rafiki. Kaka yake, yaani mume wangu, ni dereva wa lori, na nyumbani kwake ni kama mgeni. Tulioishi mle hasa ni sisi wawili.

Kazi yetu ni majani ya porini. Tunachuma mlimani nyuma ya machimbo ya mawe, tunakausha, tunauza. Lililotulisha zaidi tunaliita jani la mawe, kwa kuwa huota kwenye nyufa za miamba. Ukilichemsha na kujifunika shuka juu ya mvuke wake, kifua hufunguka. Ukilifukiza chumbani, mwenye ndoto mbaya hulala. Mwanamke aliyetoka kujifungua huogea maji yake. Unga wake ukiutia kwenye gunia la nafaka, wadudu hawasogei.

Lina sharti lake. Kabla hujavunja shina, unaliambia ni la nani na la nini. "Hili la fundi viatu, kifua." Ukishalisemea, limekuwa lake, halipewi mwingine. Mama mkwe alitufundisha hivyo, nasi tulifuata tu.

Basi jioni ile nikakuta kitita kimoja cha ziada kwenye uchanja wa kukaushia.

Kilikuwa kibichi, na sisi siku ile hatukupanda mlimani. Halafu sisi hufunga kwa kamba ya katani. Hiki kilifungwa kwa nywele... ndefu, nyeupe, ngumu.

Nikakiingiza ndani. Wifi akakinusa.

"Una mchumba huko mlimani hujaniambia?"

"Mchumba gani analeta majani? Si angeleta nyama."

"Hiki kimesemewa," alisema, sasa bila utani. "Kina mwenyewe. Tumkaushie vizuri, atakuja kukichukua."

Mtu mwingine yeyote angekitupa jalalani. Lakini kwetu sisi, kuacha jani la mtu lioze ni aibu kubwa. Wifi alikitundika kwa mkono wake kwenye boriti ya ghala, kichwa chini, kivulini, akayatenga matawi yapate hewa. Mimi kila jioni nilikigeuza.

Asubuhi iliyofuata wifi aliamka na kiu.

Alikunywa mtungi mzima, akanitaka niujaze tena. Nikamtania kwamba amemeza jangwa. Baada ya siku chache midomo ilimpasuka. Ngozi ya mikono ikaanza kujikunja. Tulikwenda zahanati, daktari akapima damu, akapima mkojo, akasema hana ugonjwa, anywe maji mengi. Wifi alimtazama yule daktari kwa huruma.

Akawa mwepesi. Nilimnyanyua kumpeleka bafuni kwa mkono mmoja, na mimi si mwanamke wa nguvu. Chumba chake kikaanza kunukia jani la mawe, ingawa hatukufukiza. Na alipojigeuza kitandani nilisikia...

Chakara. Chakara.

Nilijiambia ni godoro.

Jioni moja niliingia ghalani kuangalia kama kile kitita kimekauka. Tunapima kwa vidole: unachukua ncha ya jani, unaisugua. Ikisagika, tayari. Nikaisugua. Ikasagika vizuri.

Ndani ya nyumba wifi akapiga yowe.

Nilimkuta ameshika mkono wake wa kulia. Ncha ya kidole cha shahada haikuwepo. Hapakuwa na damu. Juu ya shuka palikuwa na unga kidogo wa kijani.

Tulitazamana. Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko mimi.

"Wifi," alinong'ona, "sikukosea. Kimesemewa. Ila mimi ndiye jani."

Nilikimbia nikalowesha kitambaa, nikakizungushia kile kitita, mashina na majani. Nakwambia, usiku ule alilala kama mtoto. Kesho yake mashavu yalijaa, akala, akanitukana kwa kuchelewesha chai, nami nikalia kwa furaha huku nikimkatia mkate. Nilidhani nimeshinda.

Kisha majani yakaota madoa meusi. Nilipomwosha mgongo nikayakuta na huko, mapana, laini, yakibonyea chini ya kidole. Harufu yake kila mchumaji anaijua. Jani lililokaushwa likaloweshwa tena haliwi bichi. Huoza.

"Nikichome," niliwaza kwa sauti.

"Unichome," alinisahihisha.

Sikuwa na njia. Nikikilowesha, anaoza. Nikikichoma, anaungua. Nikikiacha, anakauka. Nilimpigia simu mume wangu. Akasema anageuza lori usiku huohuo, lakini alikuwa mbali, na sauti yake ilionyesha kwamba hajanielewa.

"Kirudishe kwenye hewa," wifi alisema mwishowe. "Nimekuwa na jina zuri mjini. Sitaki kunuka." Akajaribu kucheka. Kilichotoka ni mlio wa karatasi.

Nilikirudisha. Kwa mikono yangu hii.

Jioni ya mwisho, giza likiwa bado halijakolea, nikasikia mlangoni: "Hodi."

Alikuwa bibi mmoja mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizoshuka mpaka kiunoni. Nilimwamkia kwa mazoea. "Shikamoo." Hakuitikia. Nyuma yake, njiani, palikuwa na kitu kimeketi chini, kimejikunja, kikikohoa. Kikohozi kizito cha mtoto... lakini kikubwa kuliko mtoto yeyote.

"Nimefuata dawa yangu," alisema. "Imekauka?"

"Huyo si dawa," nilisema. "Ni mtu. Ni wifi yangu."

"Na yale majani ya mlimani?"

Nilichukua panga lililokuwa nyuma ya mlango.

"Mnakuja kwetu," aliendelea kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha, "mnasema hili la fulani, kifua. Halafu mnavunja. Sisi tumenyamaza siku zote. Sasa mwanangu hapumui vizuri. Nami nikaja kwenu, nikasema: huyu wa mwanangu, kifua." Akageuka kutazama kile kilichokohoa. "Wewe ungefanyaje?"

Nilikwenda nikasimama mbele ya mlango wa ghala nikiwa na lile panga. Nilimwambia atapita juu ya maiti yangu. Hata hakulitazama lile panga. Alinyoosha mkono juu ya bega langu, na mkono ukafika mpaka kwenye boriti... ulikuwa mrefu kiasi hicho. Akakitungua kitita, akakinusa.

"Umekausha vizuri," alisema. "Wengine huanika juani, nguvu yote inapotea."

Nilikimbilia chumbani. Wifi alikuwa macho. Aliinua kile kiganja chepesi kunishika shavu. Huko nje nikasikia mtu akivunjavunja mashina yaenee kwenye sufuria.

Sitasema nilichokiona kitandani. Mume wangu alifika alfajiri, tukamzika dada yake mchana, na wabeba jeneza walitazamana kwa jinsi lilivyokuwa jepesi. Mmoja aliniuliza kwa kunong'ona kama kweli kuna mtu ndani. Nilimwambia abebe.

Mume wangu hajaniuliza tena habari za kitita. Aliacha safari za mbali, akawa analala nyumbani, na kwa miezi kadhaa tulikuwa wawili wenye majonzi lakini salama. Mlimani sijapanda tena. Nauza mitumba.

Juzi, nikianua nguo, nikasikia hodi ileile. Alikuwa yule bibi, safari hii peke yake. Alinishukuru kwanza, kwa adabu, kama mteja mzuri.

"Alipona?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Amepata nafuu. Lakini dozi moja haitoshi, wewe unajua." Akaitazama nyumba. "Mmebaki wangapi?"

"Wawili," nilisema. "Mimi na mume wangu. Mimi nimezeeka, sifai. Yeye anavuta sigara, kifua chake chenyewe kibovu."

Alisogea karibu. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na kiuno changu, akavuta hewa taratibu puani.

"Watatu," alisema.

Nilikuwa sijamwambia mtu. Hata mume wangu. Nilikuwa nimekosa siku zangu mwezi mmoja tu, nikingoja kuhakikisha, kwa kuwa tumeomba mtoto miaka mingi na wifi ndiye aliyekuwa akiomba kuliko sote.

"Machanga ndiyo yanayofaa kifua," alisema yule bibi, akiziweka sawa nywele zake. Mkononi mwake ulikuwepo unywele mmoja, ameshaung'oa.

Nami najua ni kweli. Wateja wangu wote niliwaambia hivyo.