Gari Limekuambia Nini?

Ijumaa ile kituo cha mafuta cha Ukunda kilikuwa kimefurika. Kesho yake ilikuwa Idi, na kila mwenye chombo cha magurudumu alikuwa amekumbuka kujaza tangi saa ile ile. Bodaboda, tuktuk, malori ya mchanga, wote wanapigiana honi. Katikati ya vurugu hiyo akaingia Mbwana na gari la mashindano.

Tuseme ukweli, hakuwa na haja ya mafuta. Alikuwa na haja ya kutazamwa. Gari jeupe lenye michirizi ya buluu, jina lake limeandikwa mlangoni, na yeye mwenyewe ndani ya kanzu iliyopigwa pasi ikasimama. Akazima injini, akateremka, akajinyoosha mbele za watu. Alipotaka kuondoka, injini ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma tena. Mwenye bodaboda mmoja akamuuliza kama hayo mashindano yake ni ya kulala, na foleni nzima ikacheka. Mbwana akahisi masikio yanamwaka moto.

Lakini Mungu si Athumani. Kwenye foleni ya madebe alikuwapo msichana mrefu, ovaroli ya kijani iliyofifia, mtandio wa zambarau, leso kaifunga kiunoni, na doa la grisi chini ya sikio ambalo mwenyewe hakujua kuwa analo. Akaweka jerikeni yake chini, akaja akafungua mlango wa dereva.

"Shuka, kaka."

"Nishuke vipi? Dereva ni mimi."

"Ndiyo maana nakwambia ushuke. Usukani nitaushika mimi, wewe usukume. Kanzu itafuliwa."

Akasukuma. Maskini ya Mungu, akasukuma gari lake mwenyewe na kanzu yake nyeupe, wenzake wa msikitini wanapita wanamtazama, mpaka injini ikashika. Alipomwomba yule dada jina lake, aliambiwa jina la gereji. Jina lake, Twaiba, alilipata kesho yake kwa kuuliza watu, naye akaenda kwenye gereji hiyo siku ya Idi yenyewe na sahani ya halua. Gereji ilikuwa imefungwa. Akala halua peke yake mlangoni, akarudi Jumatatu.

Hivyo ndivyo Twaiba alivyoingia katika timu. Mwenye timu alikuwa Mzee Boga, muuza mbao wa Mwabungo, mjomba wake Mbwana, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Mzee Boga alimtazama Twaiba akifanya kazi asubuhi moja tu, akasikia kwamba ufundi ameusomea Mombasa, akampa cheo cha fundi mkuu. Wakati huo timu yao ilikuwa ya kuchekwa. Walikuwa wakimaliza mbio pamoja na gari la wagonjwa.

Twaiba alikuja na desturi yake. Gari likirudi kutoka njiani, kabla ya maji, kabla ya picha, dereva huketishwa mkekani kando ya gurudumu la mbele, na fundi mkuu humuuliza, "Gari limekuambia nini?" Watu wote hunyamaza. Na Mbwana, ambaye mbele za watu huona haya hata ya kuomba chumvi, pale mkekani alisema yote. Linavuta kushoto. Gia ya tatu inakataa. Pale bondeni niliogopa. Twaiba alikipenda hicho cha mwisho kuliko vyote, kwa kuwa pale dereva anapoogopa ndipo fundi anapotafuta kosa.

Wakaanza kupanda. Lungalunga walikuwa wa pili. Kinango walichukua kombe, na Randu, mwelekezi wa Mbwana, kijana wa huko huko Kinango anayeketi kando yake na kumsomea njia, alilibeba akalizungusha kijiji kizima.

Na mapenzi nayo, nani ayazuie? Kila jioni baada ya magharibi simu ilikuwa inalia Msambweni, kwa nyanya yake Twaiba, Bi Biasha, alikokuwa akiishi.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na wewe leo umenidanganya mkekani."

"Nimekudanganya nini tena?"

"Umesema kona ya Mwangulu hukuogopa. Mikono yako niliiona."

"Niliogopa kwa sababu nilikuwa nakuwaza wewe."

"Basi niwaze ukishaegesha gari, mwanamume wewe, usije ukamuua mwelekezi wa watu."

Wakacheka wote wawili, na Bi Biasha chumbani akakohoa kile kikohozi cha nyanya chenye maana. Mbwana akaahidi kwamba wazee wake watakuja kuposa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Twaiba hakujibu, ila usiku ule alipika wali akausahau jikoni ukaungua.

Sasa sikilizeni ubaya unavyoingia. Timu ikishinda hupata marafiki. Akaja mfadhili, mwenye hoteli ya Diani, akasema jina la fundi mkuu halijulikani, anataka fundi wa Nairobi aliyetumikia timu kubwa. Na barazani nako watu walikuwa wamekwisha kumnong'oneza Mzee Boga kwamba si vizuri mchumba kumwamuru mchumba wake mbele za wanaume. Mzee Boga akaitisha kikao gerejini kwa timu, wiki ile ile ya posa. Akasema fundi mkuu sasa atakuwa Hesbon, fundi huyo wa Nairobi. Twaiba atabaki, atashughulika na magurudumu.

Kisha akamgeukia mpwa wake. "Mbwana, wewe ndiwe unayeliendesha. Una neno?"

Twaiba hakumtazama mjomba. Alimtazama Mbwana. Alikuwa na hakika, masikini, maana mtu aliyekwambia mara zote mahali alipoogopa atashindwaje kusema neno moja la haki?

Mbwana akatazama viatu vyake. Mjomba aliyemlea, atampinga mbele ya watu? Akajiambia kwamba haya ni katika imani. Uongo mtupu, na mimi sitamtetea. Haya ya imani humzuia mtu asitende baya. Hii yake ilimzuia asitende jema.

Twaiba akangoja mpaka kungoja kukawa fedheha. Akavua glavu, akaziweka juu ya mkeka, akamuaga mjomba kwa adabu zote, akaondoka. Jioni ile simu haikupokelewa.

Mtu mwenye akili angeahirisha posa akaenda kuomba radhi kwanza. Mbwana hakuahirisha. Aliona haya kuwaambia wazee sababu, kisha akajidanganya kwamba posa yenyewe itakuwa ndiyo radhi. Jumapili wazee wakashuka Msambweni na kanzu zao na sinia zilizofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, wakapokewa kwa udi na kahawa. Msemaji wao akasema maneno mazuri. Bi Biasha akaingia ndani kumuuliza mjukuu wake, kama ilivyo ada. Na ada yetu mnaijua, msichana akiulizwa akanyamaza, amekubali.

Alikawia huko ndani. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa asilolipenda.

"Wazee wangu, mniwie radhi," akasema. "Mjukuu wangu hakunyamaza. Amesema mumwambie Mbwana hivi: kimya chake kilinitoa kazini, na changu hakitamwingiza nyumbani."

Sinia zikarudi Mwabungo zimefunikwa vile vile. Wazee walipomfikishia Mbwana lile neno, alijifungia chumbani, na kila alipofumba macho aliziona zile glavu juu ya mkeka.

Hesbon akaanza kazi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na watu walimtafutia sababu tangu siku ya kwanza, lakini mtu wa haki atasema kwamba Hesbon alikuwa fundi wa kweli. Injini aliifungua akaisafisha ikang'aa. Mkeka hakuujua, na hakuna aliyemwambia. Yeye gari likirudi aliinama dirishani akauliza, "Chief, gari iko aje?"

"Liko sawa," Mbwana alijibu.

Halikuwa sawa. Breki ya kushoto ilikuwa inashika mapema, na kila akikanyaga, pua ya gari ilitaka kwenda porini. Alijua. Lakini kuketi na kumwambia mtu mwingine "hapa niliogopa" kulikuwa kama kumwita Twaiba kwa jina, na hilo hakuliweza. Mficha uchi hazai. Lungalunga walimaliza wa tatu kutoka mwisho. Mbio zilizofuata walimaliza wa mwisho kabisa, na gari la wagonjwa likawapita. Watu wakasema ni fundi wa bara, hajui njia zetu. Mbwana akasikia, akanyamaza tena.

Kinango ndiko kulikomuumbua. Mteremko mkali, vumbi, breki ya kushoto ikashika, gari likaacha njia likavunja ua wa mbuzi na kusimama ndani ya mahindi ya watu. Mbwana hakupata hata mkwaruzo. Randu alivunjika mkono.

Hospitalini Randu hakupiga kelele. Alikuwa amelala na plasta mpya, mama yake, Mbodze, anampepea kwa kipande cha boksi. Alingoja mama yake atoke kidogo, kisha akauliza, "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mimi nilikuwa nakusomea njia, kaka. Nikadhani na wewe unanisomea gari."

Mbwana alitoka nje akaketi kwenye ngazi za hospitali na uso ndani ya mikono, watu wanampita, wanadhani amefiwa.

Kikao cha pili kikaitishwa gerejini. Safari hii Mzee Boga alikuwa amemtumia salamu Twaiba aje. Twaiba alikuwa akitengeneza tuktuk Msambweni na hakutaka kuja, ila Bi Biasha alimwambia mtu mzima akikuita hujibu kwa simu. Akaja na baibui lake jeusi na mtandio ule ule wa zambarau, akaketi karibu na mlango, hakumtazama Mbwana hata kidogo. Mzee Boga akasema yaliyotokea yametokea, Hesbon atarudi kwao, na Twaiba ashike mahali pake. Hesbon alikuwa amesimama kando na mkoba wake, ameuma meno. Kisha mzee, kwa mazoea tu, akauliza, "Mbwana, una neno?"

Mbwana akasimama.

"Shikamoo, mjomba. Nina neno, na unisamehe kwa kulisema mbele za watu, kwa kuwa nilipokosea ilikuwa mbele za watu. Hesbon hana kosa. Kila siku aliniuliza, na kila siku nilimwambia liko sawa. Breki nilikuwa naijua. Mkono wa Randu nimeuvunja mimi. Na siku ile uliponiuliza kuhusu Twaiba nilikuwa na neno. Nilitaka kusema bila yeye mimi si dereva. Niliona haya. Sasa naona haya zaidi."

Mzee Boga alimtazama mpwa wake kwa muda, kisha akatazama chini yeye. Twaiba ndiye aliyesema. Alimshukuru mzee kwa heshima, akasema mahali pa Hesbon hapataki. Yeye alitolewa kazini kwa kosa lisilo lake, na hataingia kazini kwa kumtoa mwingine vile vile. Halafu akaenda akaukunjua mkeka uliokuwa umeegemezwa ukutani, akautandika kando ya gurudumu la mbele, akamweleza Hesbon unavyotumiwa. Hesbon akachuchumaa, akamtazama dereva wake.

"Haya. Gari limekuambia nini?"

Mbwana akaketi, akasema yote. Alipoinua macho, Twaiba alikuwa amekwisha kuondoka.

Jioni ile akapiga simu. Ikapokelewa, lakini hakuna aliyesema.

"Twaiba. Najua upo. Nataka kuja."

"Na wazee?"

"Wazee niliwadhalilisha mara moja. Siwezi kuwatuma tena."

"Basi usitume mtu," akasema Twaiba. "Njoo mwenyewe, useme mwenyewe." Simu ikakatwa.

Jamani, mwanamume kujiposea mwenyewe. Pwani hii utachekwa mpaka na wajukuu wa jirani. Mbwana alikwenda Msambweni asubuhi ya Jumapili na kanzu yake ile ya Ijumaa, ile yenye doa jeusi kifuani la kusukuma gari ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote, bila sinia, bila msemaji. Majirani walitoka milangoni. Akapiga hodi, akampa Bi Biasha shikamoo, akaketi kwenye ukingo wa kiti.

"Nyanya, nimekuja kuposa. Sina wa kunisemea. Nilimwaibisha mjukuu wako kwa kunyamaza, na nimekuja kukwambia kwamba nampenda, na nikinyimwa leo nitajua sababu."

Bi Biasha hakutabasamu. Akaingia ndani. Mbwana alimsikia akiuliza mara ya kwanza. Akamsikia akiuliza mara ya pili, kwa sauti zaidi, makusudi ili mlango wa mbele usikie. Akainama akangoja lile jibu kali alilolistahili.

Hakusikia kitu. Alisikia kuku uani, redio ya jirani, na pumzi zake mwenyewe.

Bi Biasha akatoka na kikombe cha chai, akakiweka mbele yake.

"Kanyamaza," akasema.

Mbwana akafunika uso kwa mikono yake miwili, machozi yanapita katikati ya vidole.

"Mbona huniangalii, mwanangu?"

"Naona haya, nyanya."

"Ona tu," akasema Bi Biasha, akavuta kiti akaketi. "Lakini kunywa chai, inapoa."