Robo Mzunguko ya Nne

Chumba kizima pichani kiligeuka, isipokuwa mtu mmoja.

Msomi alisogeza uso karibu na skrini. Jina hilo walimpachika ofisini kwa kejeli, maana alikuwa na vyeti viwili vya chuo, miaka mitatu ya kukaa bure nyumbani, na sasa kazi ya majaribio isiyo na mshahara: kubonyeza kitufe kimoja kutwa nzima. Kompyuta ilikuwa inafundishwa kutambua vyumba vya watu. Ili isibabaike ikikutana na picha iliyolala, kila picha ilizungushwa kwa pembe mraba: robo mzunguko, tena robo, tena robo. Msomi anabonyeza, anakagua, anabonyeza. Digrii nzima, jamani, kwa ajili ya kidole.

Picha zilipopungua, meneja aliagiza kila mtu alete za kwao. "It's called team spirit," alisema, naye ndiye pekee mwenye gari la kazi. Msomi akaleta sebule yao: mlango, kabati la vikombe, na mama yake kwenye kiti karibu na dirisha. Mama peke yake. Aliyepiga picha ni yeye mwenyewe, alijua.

Sasa, baada ya robo ya kwanza, kabati lilikuwa limelala, kiti kimelala, na mama amelala nacho, kama ilivyopaswa. Lakini mlangoni palikuwa na mtu mrefu, mweusi kama moshi wa tairi, amesimama wima. Nyayo zake zilikanyaga ukuta ambao sasa ulikuwa chini.

"Fundi, hebu njoo." Fundi ndiye aliyeandika ile programu ya kuzungusha picha, na hakuruhusu mtu asahau. "Huyu nani?"

"Si mjomba wako?"

"Sina mjomba."

"Basi ni bug. Pikseli zimechafuka. Relax."

"Pikseli zichafuke mpaka ziote miguu?"

"Bonyeza, dada. Nina kazi."

Akabonyeza. Sebule ikapinduka, sakafu juu, dari chini. Yule mtu hakupinduka. Alikuwa wima vilevile, ila ameondoka mlangoni. Sasa yuko katikati ya chumba. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita kati ya meza, mchana kweupe, feni zikizunguka.

"Mnachoma nini huko?" meneja alifoka kutoka chumba chake cha kioo. "Msomi! Kama kubonyeza kumekushinda, sema. Nje kuna foleni ya wenye digrii wenzio."

Foleni ile Msomi aliifahamu kila kokoto yake. Aliiogopa kuliko picha. Akabonyeza mara ya tatu, na yule mtu akawa nyuma ya kiti cha mama, mkono begani pake.

Simu ikaita.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "nyumba inalala."

"Inalalaje, mama?"

"Vikombe vimeanguka kabatini, havikwenda chini, vimekwenda ukutani. Ukutani! Nimeshika nondo za dirisha, miguu inaning'inia. Na kuna mtu nyuma yangu. Mimi naanguka, yeye amesimama tu."

Msomi alifungua ile picha halisi kwenye simu yake na kuikuta nayo imelala ubavu, akasikia kupitia simu hiyo hiyo kabati likiburuzika taratibu kwenye saruji kama mtu anayekokota jeneza bila haraka, akasikia pumzi za mama zikikatika, na nyuma ya pumzi hizo pumzi nyingine, ndefu, isiyochoka, na hapo ndipo alipomnyang'anya Fundi simu yake na kumpigia shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye kazi yake ni kuwapunga watu wenye majini na ambaye yeye, kwa usomi wake, alikuwa akimcheka.

"Mmezungusha mara ngapi?" shangazi aliuliza alipokwisha kusikia kisa chote.

"Tatu."

"Na kila mkizungusha anapiga hatua?"

"Ndiyo, shangazi."

"Huyo hawezi kutembea mpaka nyumba igeuzwe. Mrudishe. Mara tatu, kinyumenyume, mpaka atokee mlangoni alikoingilia. Mbele usimsogeze hata mara moja. Umenisikia?"

Fundi alikuwa amekwisha kupauka, lakini mdomo wake ulikuwa mzima. "Programu yangu haina kurudi nyuma. Kuandika upya ni nusu saa. Halafu ya nini? Kurudi mara tatu na kwenda mbele mara moja ni kitu kile kile. Robo ya nne niliiondoa kwa sababu hiyo, inakurudisha ulikoanzia."

"Amesema nyuma!"

"Shangazi yako kasoma hesabu wapi? Mama ataning'inia nusu saa?"

"Vidole vinaniteleza, mwanangu," ilisema simu.

Na Msomi, aliyefaulu hesabu kuliko darasa zima, alijua Fundi hakukosea. Fundi akairudisha robo ya nne. Msomi akabonyeza.

Sebule ikasimama. Mlango wima, kabati wima, mama kwenye kiti chake. Nyuma yake hakuna mtu.

"Mama?"

"Nyumba imenyooka." Sauti tulivu, haihemi kabisa.

"Na yule mtu?"

"Simwoni."

"Umeona?" Fundi alicheka huku akijifuta jasho. "Hesabu haina jini."

Lakini ile harufu haikuwa imeondoka. Msomi, simu ikiwa bado sikioni, akabonyeza mara moja zaidi, kuhakikisha tu.

Mlango ukalala. Kabati likalala. Kiti kikalala, kitupu.

Mama yake alikuwa amesimama wima mbele ya kiti, nyayo ukutani, akimtazama.

"Mbona kidole kimesimama?" meneja alipaza sauti kutoka kwenye kioo. "Bonyeza!"

"Ndiyo, mwanangu, bonyeza," mama alisema sikioni. "Zimebaki hatua mbili nifike hapo ulipo."