Jina la Babu Hewani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cecilia alifagia uwanja, akachota maji, kisha akafuta vumbi kwenye redio ya babu yake. Upepo wa mtaa wao wa Ipagala hauna adabu. Huingia hata nyumba iliyofungwa.

Babu Batholomeo alikuwa mwanaredio wa ridhaa. Alizungumza na wenzake wa mbali kwa mapenzi tu, bila malipo. Alikuwa na leseni na jina lake la hewani, yaani herufi na namba ambazo hakupewa mtu mwingine yeyote. Akiwa ameketi kando ya mjukuu wake, alimfundisha kugonga Morse, lugha ya milio mifupi na mirefu.

Sasa babu alikuwa na wiki tano kaburini. Zilibaki wiki mbili Cecilia afanye mtihani wa leseni yake mwenyewe.

"Redio hiyo wewe futa vumbi tu," mama yake, Loisi, alimwonya. "Kuita watu, mpaka upate leseni."

Jumamosi mama alipokwenda sokoni, Cecilia alizidiwa na upweke. Akawasha redio. Kwa kuwa hakuwa na jina lake, akagonga la babu.

Jibu lilikuja papo hapo, kwa pupa: "Batholomeo! Ni Shaaban wa Kondoa. Nimetoka hospitali. Siku tatu nakuita, kimya. Nilidhani umefariki. Alhamdulillahi!"

Morse haina sauti ya mtu. Mzee Shaaban alisikia jina la rafiki yake, akaamini. Cecilia angeweza kusema ukweli kwa maneno machache. Badala yake, alizima redio.

Kesho yake, waliporudi kutoka kanisani, walimkuta mzee mwenye kanzu ameketi barazani, dumu la asali miguuni. Alikuwa ameuliza nyumba yenye antena ndefu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ni Shaaban. Miaka kumi na tisa nazungumza na babu yako, uso wake siujui. Jana alikatika ghafla, nikasema ni umeme. Mwite basi."

Mama alimgeukia Cecilia kwa mshangao. Cecilia akapiga magoti, machozi yakimtoka.

"Babu, nisamehe. Jana ni mimi niliyekuita. Babu tulishamzika."

Mzee alilisogeza dumu la asali kando.

"Kwa hiyo jana nilifurahi bure," alisema, kisha akalia mbele yao bila kuficha uso. Mama naye akalia.

Walimpeleka kaburini. Akainua mikono, akamwombea rafiki yake. Alipomaliza, alimshika Cecilia bega.

"Kurusha bila leseni ni kosa, na mama yako atakuadhibu. Lakini uliposikia nimefurahi, ukazima. Hapo ndipo uliponiumiza. Ukweli ungeniliza jana nikiwa kwangu, na watoto wangu wakanifariji. Uongo umenipandisha basi nije kulia ugenini. Nimekusamehe. Kafanye mtihani."

Cecilia aliadhibiwa, akasoma, akafaulu. Siku alipopata leseni aligonga jina lake mwenyewe la hewani, kisha Cecilia, polepole, asikosee. Kondoa ikajibu.

"Nakusikia, Cecilia. Leo najua ni nani anayeniita, na mwanaredio hana heshima nyingine zaidi ya hiyo."

Cecilia alilia sana, lakini safari hii hakuizima redio.