Mbegu ya Baba Tu

Kila asubuhi Mzee Owor wa Molo alizunguka shamba lake la muhogo, mikono mgongoni, kama askari wa zamu. Muhogo huo ndio uliolisha watu wanane kila kiangazi. Mbegu yake aliachiwa na marehemu baba yake. Pingili, kipande cha shina cha kupanda, ya mtu mwingine haikukanyaga pale, hata ya jirani. Na alivyojivunia hilo, we!

Mwanawe alioa Nereah, binti wa wakulima wa Busia, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Siku moja Nereah akipalilia, aliona majani ya chini yana manjano kando ya mishipa. Mkamwana haongei na baba mkwe ovyo. Kwa hiyo alimwambia mama mkwe wake, Loy.

"Mama, muhogo huu unaumwa. Baba ang'oe mmoja, aukate, aone."

Loy akafikisha maneno. Owor akacheka mpaka akakohoa.

"Majani kijani hivi, inaumwa nini? Mtu wa Kenya nakuja jana, leo nafundisha mimi kulima?"

"Mzee, kung'oa mmoja tu..."

"Nimesema!"

Basi, yakaishia hapo. Kiangazi kikaingia, nafaka ya wimbi ikaisha ghalani. Owor akaita nyumba nzima shambani. Kwa desturi yake, muhogo wa kwanza aliukata mwenyewe, kwa kisu chake, wote wakitazama.

Akakata. Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia, makavu na magumu. Akakata wa pili. Akakata wa tatu. Hivyo hivyo. Mzee akakaa chini kwenye udongo. Aibu ilimshika, na hofu ikamshika zaidi. Wajukuu wangekula nini?

Nereah alipiga magoti kando ya Loy. Hakucheka hata kidogo.

"Sema mwenyewe, mwanangu," Loy akamwambia. "Leo atasikia."

"Baba, huu ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Majani hudanganya, mizizi inaoza kimya kimya. Inzi weupe wanaueneza. Na sisi tunaueneza tukipanda tena pingili za shamba lenye ugonjwa. Tung'oe yote. Mizizi mizima tuikaushe tule. Mashina tuchome. Halafu tupande pingili safi."

"Za kwenu Kenya?" Owor aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, baba. Pingili hazivushwi mpaka ovyo, zinaweza kubeba ugonjwa. Ziko Busitema. Wakulima wanazikuza, na bwana shamba amezikagua."

Busitema! Si mbali, bodaboda inafika. Kumbe dawa ilikuwa karibu hivyo, naye ameziba masikio.

"Nilikuwa mjinga, mama," Owor akamwambia mkamwana wake. "Kesho nakwenda. Twende wote."

Kiangazi kile kilikuwa kigumu. Lakini wazazi wa Nereah walituma magunia mawili ya mahindi kutoka ng'ambo. Owor alikula ugali wa wageni wale wale aliowadharau, akashukuru kila tonge.

Mvua iliponyesha walipanda pingili safi, mbali na shamba la zamani. Kila wiki mzee na Nereah walikagua mistari. Mmea ukionyesha manjano, uling'olewa siku hiyo hiyo.

Mwaka ukapita. Nyumba nzima ikakusanyika tena shambani. Owor aling'oa muhogo wa kwanza, akaufuta udongo. Kisha akampa Nereah kisu. Loy akashika mdomo. Kisu kile hakikuwahi kutoka mkononi mwa mzee siku ya kuvuna.

Nereah akakata. Mweupe pee! Watoto wakaruka kwa furaha.

"Asante, mama," Owor akasema, machozi yakimlengalenga. "Asante sana. Umetulisha."

Osinya, jirani yao, alikuwa akipita njiani. Akasimama, akashangaa.

"Eh, Owor! Hii ndiyo mbegu ya baba yako?"

"Hapana. Hii ni ya binti yangu," Owor akajibu, akimwonyesha Nereah. "Njoo nikupe pingili. Lakini kwanza ng'oa muhogo wako mmoja, ukate, uangalie ndani."