Vipande Kumi na Viwili

Jumapili hiyo binti wa fundi seremala alimaliza wa kwanza, na watu wote sebuleni wakapiga makofi isipokuwa baba yake. Yeye mwili ulimsisimka. Katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyejua kwamba jambo hilo haliwezekani.

Mchezo wenyewe aliutengeneza kwa mikono yake: mbao mbili, kila moja na matundu kumi na mawili ya nyota, pembetatu, yai, jani na kadhalika. Saa ya kengele inategwa dakika moja, vipande vinamwagwa mezani, na kila mtu anapachika vyake mbio mbio kabla kengele haijalia. Majirani walikuja kutazama kila Jumapili mchana. Fundi alimaliza kila mara, akaitwa Bingwa. Binti yake wa miaka tisa hakuwahi kumaliza hata siku moja, akaitwa Goigoi. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe, kwa utani, na utani ukatoka nje ukaenda hadi shuleni, mpaka mwalimu naye akawa anamwita hivyo mbele ya darasa.

Sasa siri tuiseme mapema, maana inanuka. Vipande vya mtoto vilikatwa kwa haraka, na vinne kati ya hivyo vilizidi kidogo. Haviingii bila nyundo. Siku ya kwanza ilikuwa bahati mbaya tu. Fundi aliona, akanyamaza. Kule karakana wateja walikuwa wanamkimbia mmoja mmoja, na hapa nyumbani kuna watu wanaompigia makofi. Yakamnogea. Juma lililofuata akachukua msasa akavilainisha vipande vyake viteleze vizuri zaidi. Mtu mzima na ndevu zake, anamwibia mtoto ushindi.

Mtoto hakujua. Alidhani ubovu uko mikononi mwake. Siku moja mama yake alimkuta nyuma ya mlango analia, akisema hata kama ni jini, lije limsaidie amshinde baba. Mama alimwambia afunge kinywa, maneno kama hayo hayasemwi, lakini yalikuwa yameshasemwa.

Basi Jumapili ile vile vipande vinne vikaingia kwa urahisi kama kidole kwenye uji. Kengele ikalia. Mtoto hakuacha. Alivimwaga akaanza upya, ta, ta, ta, ta, huku anamtazama baba yake kwa macho makavu, na sebule ikaanza kunuka unga wa mbao uliolowa na nywele zilizoungua.

Kuanzia hapo mikono yake haikutulia. Mama alificha mchezo juu ya kabati, na mikono ikatafuta kazi nyingine: ikasukuma vifungo vya shati kwenye tundu la ufunguo, ikapachika njiti za kiberiti kwenye nyufa za ukuta, ikakataa kushika kijiko hata mtoto akawa analishwa, na alipolala, uso umetulia kabisa na kinywa kiko wazi, mikono iliendelea juu ya shuka, upesi zaidi, ta, ta, ta, ijapokuwa hapakuwa na mbao wala kipande, mpaka ncha za vidole zikachanika na shuka likaanza kuingia damu.

"Baba watoto," mkewe alinong'ona siku ya tatu, "mikono ile si ya mwanangu. Atatufia."

Wakamwita mganga, mzee mfupi wa miwani ambaye siku za kawaida huuza viatu vya mitumba. Kabla ya kumwona mgonjwa aliomba kuuona mchezo. Akajaribu kipande kimoja kimoja katika ubao wake. Alipofika kwenye vile vinne alisimama, akamtazama fundi juu ya miwani kwa muda mrefu. Kisha aliagiza waitwe wote wanaokuja kupiga makofi.

Majirani walipojaa, mtoto aliketishwa katikati, mikono inakwenda mbio mapajani. Mganga akaeleza kwa upole kwamba huyu aliyeingia aliitwa na mtoto aliyeonewa, na hatatoka kwa ubani wala kwa kelele. Atatoka pale tu aliyemwonea atakaposema kosa lake mbele ya watu walewale waliomshangilia.

Fundi alihisi uso unawaka moto. Akakohoa. Akasema huenda mbao zilivimba kwa mvua, unajua mti una mambo yake.

Ukucha wa mtoto ukang'oka. Na kinywani mwake ikatoka sauti nzito, ya taratibu, isiyo na hasira yoyote: "Hajasema."

Mama akapiga magoti mbele ya mumewe. Hakulia, alimshika tu miguu. Hapo fundi akafungua kinywa, na aibu ikatoka pamoja na machozi mbele ya mshonaji, mbele ya kinyozi, mbele ya watoto wao. Alisema vipande vya mwanawe havikuwahi kuingia, kwamba alijua tangu siku ya kwanza, kwamba vya kwake alivipiga msasa, na kwamba kila walipomwita mtoto Goigoi yeye alicheka nao.

Mikono ikalala. Harufu ikatoka dirishani kama mtu anayepita. Majirani nao waliondoka bila kuaga, hakuna aliyetaka kumtazama fundi usoni.

Mama alimlaza mtoto kitandani, na alipokwenda kutafuta kitambaa safi cha kufunga vidole, baba na binti wakabaki wawili.

"Kwa hiyo mimi si goigoi?" mtoto aliuliza kwa sauti yake mwenyewe.

"Si goigoi, mwanangu. Nisamehe."

Mtoto akafikiri. "Basi kesho uje shuleni umwambie na mwalimu. Darasa zima likiwepo."

Fundi aliliona darasa, watoto arobaini na mwalimu wao, wote wanamkodolea macho.

"Kesho nina kabati la mtu," alianza, "labda wiki..."

Mtoto alikuwa ameshafumba macho. Juu ya shuka kidole chake kimoja kikainuka polepole, kikagonga mara moja. Ta.

"Nitakuja," fundi akasema. "Nitakuja asubuhi na mapema."